Nani achangie meza ya mazungumzo? Kisa cha Michigan, 2012 hadi 2024

Jumanne ya tarehe 11 Desemba 2012, mjini Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan nchini Marekani, watu zaidi ya elfu kumi walisimama kwenye baridi nje ya jengo la Bunge la jimbo. Kulikuwa na mafundi wa viwanda vya magari, walimu, wauguzi. Ndani, wabunge walikuwa wanamalizia miswada miwili ambayo wiki moja nyuma haikuwepo hata kwenye ratiba. Haikupitia kamati yoyote na wananchi hawakuitwa kutoa maoni. Siku hiyohiyo Gavana Rick Snyder akaitia saini, na Michigan ikawa jimbo la 24 lenye kile Wamarekani wanachokiita sheria ya haki ya kufanya kazi.

Jina hilo linapotosha, kwa hiyo tulifafanue mapema. Sheria hii haimpi mtu kazi wala haimkingi asifukuzwe. Inasema jambo moja tu: mwajiri na chama cha wafanyakazi wasiwekeane mkataba unaomtaka kila mfanyakazi achangie chama, hata senti, ili abaki kazini. Wapo wanaosema ilikomesha watu kulazimishwa kujiunga na chama. Hilo lilikuwa limekwisha zamani. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ilikataza viwanda kuajiri wanachama peke yao, na hapohapo ikayaachia majimbo yaamue yenyewe kama ada nayo ipigwe marufuku. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafafanua kuwa anachoweza kudaiwa mfanyakazi ni fedha tu, si uanachama. Mwaka 1988 ikaongeza kwamba asiye mwanachama akipinga, atozwe ile sehemu inayogharimia majadiliano na usimamizi wa mkataba, asitozwe hela ya siasa. Kilichofutwa Lansing ni hiyo ada iliyobaki. Huku kwetu Tanzania tunaiita ada ya uwakala.

Kwa nini jambo hili liliuma zaidi Michigan kuliko kwingine? Kwa sababu ya Flint. Tarehe 30 Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors katika mji huo waliketi chini ndani ya karakana za Fisher Body na kukataa kutoka. Walikaa siku 44. Chakula kilipitishwa madirishani. Usiku wa tarehe 11 Januari polisi walifyatua mabomu ya machozi, na waliokuwa ndani wakajibu kwa mipira ya maji ya zimamoto na kurusha bawaba za milango ya magari, vitu walivyokuwa wakivifunga kila siku kwa mikono yao. Gavana wa wakati huo, Frank Murphy, alileta wanajeshi wa jimbo lakini akakataa kuwatumia kuwatoa wagomaji. Tarehe 11 Februari 1937 kampuni kubwa kuliko zote za magari ilikubali kuzungumza na UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari.

Ila kuna kipengele katika makubaliano yale ambacho watu hukipita haraka. General Motors ilikitambua chama kuwa msemaji wa wanachama wake tu, si wa kila aliyemo kiwandani, tena kwa miezi sita. Asiyejiunga hakuhusika. Kama mambo yangebaki hivyo, ugomvi huu wote wa ada usingekuwepo.

Mambo hayakubaki hivyo. Sheria ya Wagner ya 1935, baada ya kuthibitishwa na mahakama, ilizoeza mfumo mwingine: chama kikichaguliwa na wengi katika kitengo cha kazi, kinakuwa msemaji pekee wa wote katika kitengo hicho, waliokipigia kura na waliokikataa. Mwajiri haruhusiwi kwenda kando kupatana na mmoja mmoja. Mshahara unaopatikana ni wa wote.

Nadhani msomaji wa huku ataelewa haraka nikisema hivi. Harusi ina kadi ya mchango. Hukuchanga, huna kadi, mlangoni hupiti, na hakuna anayeona kuwa ameonewa. Msiba hauna kadi. Yeyote anayefika anaketi mkekani na anapewa sahani, awe alichangia jeneza au hakuchangia. Sheria ya Marekani imekifanya chama cha wafanyakazi kiwe na mlango wa msiba. Watetezi wa haki ya kufanya kazi wanataka mchango nao uwe wa hiari kama wa msibani. Vyama vinajibu kwamba basi tutaishia na mkeka uliojaa watu na sufuria tupu, na wale wanaokula bila kuchanga wanawaita wadandiaji.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini chama kisimwache tu asiyechanga ajitetee mwenyewe. Jibu limo katika kesi ambayo kila mwanachama angefaa kuijua. Bester William Steele alikuwa mfanyakazi mweusi wa reli huko Alabama, mchochea moto wa injini ya treni. Chama kilichokuwa na mamlaka ya kuwasemea wachochea moto wote hakikupokea watu weusi. Mwaka 1941 kikaafikiana na makampuni ya reli kuwasukuma nje wafanyakazi weusi ili nafasi zichukuliwe na wazungu. Steele akaenda mahakamani. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba mwenye mamlaka kisheria ya kuwasemea wote ana wajibu wa kuwasemea wote kwa haki. Wajibu huo ndio unaokizuia chama leo kumpa kisogo asiyelipa anapofukuzwa kazi na kuomba mtetezi. Mimi siutaki wajibu huo uondolewe. Mwenye kura nyingi akiachiwa achague wa kumtetea, tunajua atakayeachwa ni nani.

Lakini wajibu una gharama. Shauri moja la mtu aliyefukuzwa linahitaji mtu wa kukusanya ushahidi, vikao vya ngazi mbili tatu, msuluhishi anayelipwa na pande zote mbili, na mara nyingine wakili. Fedha hizo hutoka kwenye ada. UAW inatoza wanachama wake wa viwandani mshahara wa saa mbili na nusu kwa mwezi; hadi 2014 ilikuwa saa mbili. Fundi wa Detroit aliyekuwa akipata dola 32 kwa saa alikatwa kama dola 80. Anaweza kuiona hela hiyo kwenye karatasi ya mshahara kila mwezi. Kisichoonekana kwenye karatasi hiyo ni shauri ambalo halijampata.

Sasa upande wa pili, na nitauweka katika sura yake yenye nguvu, kwa maana wengi wa upande wangu huupuuza. Mark Janus alikuwa mtumishi wa serikali ya jimbo la Illinois, akishughulikia masuala ya matunzo ya watoto. Alikatwa kama dola 45 kwa mwezi kwenda chama cha AFSCME ambacho hakujiunga nacho. Hoja yake ilikuwa kwamba chama cha watumishi wa umma kinapodai mshahara, kinadai kwenye bajeti ya jimbo, na bajeti ya jimbo ni siasa tupu. Kwa hiyo hata ile sehemu inayoitwa ya majadiliano ni kumlazimisha agharimie hoja ambazo yeye anazikataa. Tarehe 27 Juni 2018 Mahakama ya Juu ilimkubalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Samuel Alito ndiye aliyeandika hukumu, Jaji Elena Kagan akaandika ya wapingaji. Hukumu hiyo ilifuta ile ya 1977 iliyotokana na walimu wa Detroit, iliyokuwa imeruhusu ada ya uwakala katika sekta ya umma. Tangu siku hiyo hakuna mtumishi wa umma Marekani anayeweza kukatwa bila ridhaa yake, liwe jimbo gani.

Hoja ya dhamiri ninaielewa. Mtu anayeona chama kinaunga mkono wagombea asiowataka ana haki ya kukasirika. Ila Janus aliondoka na haki ya kutolipa huku mshahara uliojadiliwa ukibaki wake na wajibu wa kumtetea ukibaki wa chama. Hapo ndipo ninapotofautiana na mahakama. Na kwa haki niseme pia kwamba vyama vyenyewe havikutaka kurudi kwenye mtindo wa Flint wa kuwasemea wanachama tu, kwa kuwa usemaji pekee ndio unaovipa nguvu mezani. Waajiri nao hawana hamu ya kukaa na vyama vitano kwenye kiwanda kimoja. Pande zote mbili zinaipenda nyumba hii. Zinagombania nani alipe kodi.

Kuna wanaotaka kuimaliza hoja kwa kutaja asili yake. Ni kweli kwamba Vance Muse wa Texas, mmoja wa waenezaji wa kwanza wa kampeni hii miaka ya 1940, alikuwa mbaguzi wa wazi, na kweli Martin Luther King mwaka 1961 aliwaonya watu wasihadaike na jina la sheria hizi. Inafaa kuyajua. Lakini mfanyakazi wa 2012 aliyechoka kukatwa ada hakuwa Vance Muse, na kumjibu kana kwamba ndiye ni kumpoteza.

Turudi Lansing, maana jinsi sheria ilivyopita inafundisha mengi. Mwezi mmoja kabla, Novemba 2012, vyama vilikuwa vimepeleka kwa wapiga kura pendekezo la kuiweka haki ya majadiliano ya pamoja ndani ya katiba ya jimbo. Lilikataliwa kwa asilimia 57 dhidi ya 43. Snyder, aliyekuwa akisema muda wote kuwa suala la haki ya kufanya kazi halimo kwenye ajenda yake, aligeuka tarehe 6 Desemba. Sheria ya sekta ya umma iliwaacha nje polisi na zimamoto. Kama ni kweli kwamba kukata ada ni kumnyima mtu uhuru, sijaelewa kwa nini uhuru wa zimamoto usihesabike. Halafu miswada ikawekewa kifungu cha matumizi ya dola milioni 1. Katiba ya Michigan hairuhusu sheria inayotenga fedha kupingwa kwa kura ya maoni, kwa hiyo kile kifungu kidogo kiliwafungia wananchi mlango. Missouri, ambako mlango haukufungwa, wapiga kura waliitupa sheria ya aina hiyohiyo mwezi Agosti 2018 kwa takriban theluthi mbili ya kura.

Athari yake? Mwaka 2012 asilimia 16.6 ya wafanyakazi wa Michigan walikuwa wanachama wa vyama. Mwaka 2022 walikuwa 14.0. Kwa nchi nzima idadi ilishuka kutoka 11.3 hadi 10.1 katika miaka ileile. Michigan ilishuka zaidi, lakini haikuporomoka kama wengine walivyotabiri, na ilikuwa inashuka hata kabla ya Snyder. Kuhusu mishahara wachumi hawajapatana, kwa sababu majimbo yenye sheria hii yanatofautiana na mengine kwa mambo mengi mno, na kila upande una utafiti wake mfukoni.

Kilichonivutia zaidi ni namna vyama vilivyojibu. Chama cha walimu cha Michigan kilikuwa na utaratibu kwamba anayetaka kujitoa aombe mwezi wa Agosti peke yake. Sheria mpya ilipoanza, kikaung'ang'ania utaratibu huo, na miaka ikapita kwenye mashauri dhidi ya walimu waliokuwa wamejitoa Septemba au Oktoba. Fikiria: una mwanachama anayetaka kuondoka, na cha kwanza unachomwonyesha ni kalenda.

UAW ilikuwa pabaya zaidi. Wachunguzi wa serikali kuu waligundua kwamba viongozi wa juu wa chama walikuwa wanatumia fedha za wanachama kwa gofu, sigara za bei mbaya na nyumba za kifahari Palm Springs, California. Marais wawili wa zamani, Dennis Williams na Gary Jones, walikiri makosa mwaka 2020. Mwaka uliofuata Williams alihukumiwa kifungo cha miezi 21 na Jones miezi 28. Uchafu huu uliibuka katika kipindi kilekile ambacho chama kilikuwa kinamwambia mfanyakazi wa Michigan aendelee kuchanga kwa hiari yake. Kila aliyewahi kupita na daftari la michango mkononi ataelewa ilivyokuwa ngumu kumtazama mtu usoni miaka ile.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na hakikugeuzwa na wanasiasa. Chini ya makubaliano na serikali kuu, wanachama walipiga kura mwaka 2021 kuamua kama rais wa chama achaguliwe moja kwa moja na wanachama badala ya wajumbe wa mkutano mkuu. Karibu asilimia 64 walikubali. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulimpa ushindi Shawn Fain, fundi umeme kutoka Kokomo, Indiana, kwa tofauti ya kura chache sana. Alitangazwa tarehe 25 Machi 2023. Siku moja kabla, Ijumaa ya tarehe 24, Gavana Gretchen Whitmer alikuwa ametia saini kuifuta sheria ya 2012. Chama chake cha Democrat kilikuwa kimeshika mabunge yote mawili ya jimbo pamoja na ugavana kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 40. Hakuna jimbo lililokuwa limeifuta sheria ya namna hiyo tangu Indiana mwaka 1965.

Ninasikitika kusema kwamba sheria ya kufuta nayo iliwekewa kifungu cha fedha ili isipingwe kwa kura. Whitmer mwenyewe mwaka 2019 alikuwa ametoa agizo la kupinga ujanja huo. Tulioukemea mwaka 2012 hatuna budi kuukemea na huu. Upande wangu ulishinda, lakini ulipitia tundu lilelile.

Ufutaji huo uligusa sekta binafsi tu kwa vitendo, maana hukumu ya Janus inaizuia sekta ya umma, na ulianza kutumika tarehe 13 Februari 2024. Iangalie vizuri tarehe hiyo. Tarehe 15 Septemba 2023, miezi mitano kabla yake, UAW iligoma kwa pamoja dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilianza na viwanda vitatu, kimoja Michigan, kimoja Ohio, kimoja Missouri, ikaongeza kidogokidogo bila kuwaambia waajiri ni kipi kinachofuata. Fain alikuwa anaingia mtandaoni kila wiki kuwaeleza wanachama kilichosemwa mezani. Hadi mwisho wa Oktoba kampuni zote tatu zilikuwa zimekubali nyongeza ya asilimia 25 katika muda wa mkataba, unaokwisha Aprili 2028, pamoja na kurudisha marekebisho ya mshahara kulingana na bei za bidhaa. Mgomo huo mkubwa uliendeshwa Michigan huku sheria ya Snyder ikiwa bado hai. Mfanyakazi yeyote wa jimbo hilo angeweza kuacha kulipa na bado akapata ile asilimia 25. Hilo halikuwazuia.

Miezi michache baadaye, Aprili 2024, wafanyakazi wa Volkswagen huko Chattanooga, Tennessee, jimbo ambalo sheria ya haki ya kufanya kazi ni ya tangu miaka ya 1940, walikichagua chama kwa kura 2,628 dhidi ya 985. Mwezi uliofuata wenzao wa Mercedes huko Alabama walikataa. Sheria ni ileile katika majimbo yote mawili.

Kwa hiyo nasimama wapi? Naamini anayesemewa achangie gharama ya kusemewa, na kwamba Whitmer alifanya sawa kuifuta sheria ile. Lakini Michigan imenionyesha kwamba ada ya lazima huwapa viongozi usingizi. Hela inaingia, mkutano hauitishwi, daftari halifunguliwi, na siku sheria inapobadilika wanagundua kuwa hawawajui wanachama wao kwa majina.

Nayasema haya nikiwa na shauri langu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 72, inaruhusu ada ya uwakala pale chama kinapotambuliwa kuwa msemaji pekee. Kenya nayo inayo katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Ya kwetu Tanzania ina masharti ambayo Mmarekani wa upande wowote angeyaonea wivu: asiye mwanachama asilazimishwe kujiunga, asikatwe zaidi ya mwanachama, fedha ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake, zisiende kwa chama cha siasa wala mgombea, zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi. Hoja ya Janus ilijibiwa kwetu miaka 14 kabla hajashinda.

Nilipokuwa katibu wa tawi, dada mmoja wa idara ya masjala alinifuata na karatasi yake ya mshahara. Alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: 14,200, asilimia mbili ya mshahara wake.

"Katibu, mimi fomu ya TUF 6 ya kuruhusu makato ya chama sikujaza. Hii inakatwa kwa sababu gani?"

Nilimfungulia sheria, nikamsomea kifungu cha 72 mwanzo hadi mwisho, nikamkumbusha mkataba wa hali bora na posho ya likizo anayoipata kwa ajili yake. Alisikiliza kwa heshima yote. Kisha akauliza, "Sawa, Katibu. Na hiyo akaunti ya peke yake, mwaka jana ilitumika kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake kwenye daftari la mikutano, nikalipeleka ngazi ya juu kwa maneno, na sikulifuatilia. Mwaka huu nimechaguliwa tena kwenye kamati ya tawi. Barua ya kuomba mchanganuo wa matumizi ya akaunti ile nimeshaiandika, na dada wa masjala ametia saini yake chini ya yangu.